Fedha Moja, Wadai Watatu: Jinsi ya Kununua Septemba Kasongo na Kabambare

Sokoni Kasongo, mwishoni mwa Agosti, mama mmoja alifungua pindo la kitenge chake akahesabu noti zake mara tatu. Mkono wa kushoto ulishika karatasi ya shule iliyoandikwa kwa kalamu: shati jeupe, sketi ya bluu, madaftari kumi, kalamu nne, na chini kabisa neno moja, "mengineyo". Mbele yake makopo ya unga wa muhogo yalikuwa yamepangwa juu ya gunia. Nyuma yake kijana aliuza karanga za mbegu. Upande wa Kabambare mbingu ilikuwa imeanza kunguruma.

Fedha ilikuwa moja na wadai walikuwa watatu: sufuria, shamba na shule.

Kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, mambo huja hivi kila mwaka. Kiangazi hukaza Juni, kikalegea mwisho wa Agosti. Mvua zinarudi, watu wanapanda, na mwanzoni mwa Septemba kengele ya shule inalia. Mpunga na mahindi mapya hayafiki nyumbani kabla ya Desemba au Januari. Katikati hapo kuna miezi mitatu, minne ya ghala tupu, nayo mvua ikichelewa kidogo tu, njaa huongeza mwezi mwingine. Huu ndio msimu ambao watoto wengi huacha shule. Mzazi hajaidharau elimu. Fedha imetoka kwa mpangilio mbaya, basi.

Nakupa mpangilio wangu mapema, kwa sababu huenda unasoma haya ukiwa njiani kwenda sokoni. Mbegu usiziguse. Chakula cha nyumba kifuate. Kisha daftari na kalamu. Yunifomu ije mwisho. Na mkopo wa kulipwa kwa mazao ambayo bado yako shambani, uukimbie.

Tuanze na sufuria.

Unga wa muhogo ndio wa bei ya chini kuliko vyote na unapatikana kila kijiji, kuanzia Kasongo hadi Wamaza na Lusangi. Kwa nguvu ya mwili hauachwi mbali na wenzake: kilo moja ya unga wa muhogo, ya unga wa mahindi au ya mchele, kila moja ina kama kalori 3,400 hadi 3,600. Ukitaka kushiba tu, usilipe zaidi. Muhogo unatosha.

Lakini kushiba si kulishwa. Katika gramu 100 za unga wa muhogo, protini ni gramu 2 au pungufu. Mahindi yana kama 8, mchele kama 7, maharagwe kama 22, karanga kama 25. Mtoto anayekula bukari, yaani ugali, ya muhogo na chumvi siku baada ya siku atavimba miguu na nywele zitabadilika rangi huku tumbo lake limejaa. Kwa hiyo usihame kutoka muhogo kwenda mchele ukidhani umeboresha chakula. Baki na muhogo, na tofauti ya bei uitie kwenye karanga na maharagwe. Konzi moja ya karanga iliyotwangwa ndani ya sombe, majani ya muhogo, humfaa mtoto kuliko sahani nzima ya mchele mtupu.

Sombe yenyewe hununui kama una shamba. Itwange vizuri, ichemke muda mrefu, itie mawese. Mawese ni chakula ambacho watu wetu hukichukulia kama kiungo tu, kumbe lita moja ina kalori zinazopita 8,000, na ule wekundu wake una vitamini A. Nunua kwa wanaokamua wenyewe, usingoje yafike dukani. Na kabla ya kulipa omba tone liwekwe kwenye kijiko juu ya moto: yakirukaruka na kupiga kelele, yametiwa maji, na wewe utakuwa umenunua maji kwa bei ya mafuta.

Samaki mbichi wa mto Lualaba ni mtamu, ila kwa familia yenye fedha kidogo ni chakula cha siku moja. Ndagala wakavu wanaotoka ziwa Tanganyika hukaa miezi wakihifadhiwa pakavu, na kikombe kimoja hugawanyika mara nne, tano. Tatizo lao ni mchanga. Wale wa bei ya chini mara nyingi wamekaushwa ufukweni juu ya mchanga mtupu. Chota konzi, tikisa juu ya karatasi, utazame kilichobaki. Ukiona mchanga mwingi, yule muuzaji jirani mwenye bei ya juu kidogo ndiye wa bei nafuu.

Sasa kopo. Bei ikipanda, muuzaji mara nyingi habadilishi bei, hubadilisha kopo. Lingine limegongwa chini likaingia ndani kama kitovu. Lingine linapimwa kwa kidole gumba kilichozama ndani. Lingine hujazwa kilima juu asubuhi na kufutwa sawasawa jioni. Omba kulishika mikononi, ligeuze, papasa kitako chake. Si matusi, ni haki yako, na muuzaji mwaminifu hakasiriki. Kama una kopo lako zima nyumbani, njoo nalo na upimie ndani yake.

Kununua kwa debe au gunia ni nafuu kuliko kopo kwa kopo, kila mtu analijua hilo. Wasichohesabu wengi ni kinachopotea baadaye. Maharagwe yaliyohifadhiwa kwenye gunia la kawaida hutobolewa na wadudu, na baada ya miezi mitatu ile nafuu imeshaliwa. Mfuko wa plastiki nzito wa kufungwa usipitishe hewa, ule unaowekwa ndani ya gunia, unamaliza wadudu bila dawa na hutumika msimu zaidi ya mmoja usipotobolewa. Ukiukosa, dumu la plastiki lililokauka kabisa na kufungwa kizibo kwa nguvu linafanya kazi ileile. Kama huna hata kimoja kati ya hivyo, usinunue gunia peke yako. Nunueni majirani watatu mkagawane siku hiyohiyo.

Kuna jambo moja la muhogo ambalo sitaki ulipite haraka. Muhogo mchungu unahitaji kuloweshwa siku tatu au zaidi mpaka ulainike na kuvunjika mkononi, ndipo sumu yake itoke. Mwezi wa njaa, au maji yakiwa mbali, watu hufupisha siku. Wafanyabiashara nao hufupisha, maana anayewahi sokoni ndiye anayeuza. Unga wa namna hiyo huwa mweupe, hauna ule uchachu wa kawaida, na bei yake huvutia. Familia inayoula wiki kwa wiki bila protini ya kutosha iko katika hatari ya konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla na usiopona. Kwango, magharibi mwa nchi yetu, wanaujua vizuri. Huko Nampula, Msumbiji, ukame wa 1981 ulilemaza watu zaidi ya elfu moja, wengi wao wanawake na watoto, waliokula muhogo ulioharakishwa.

Dawa yake haigharimu hata faranga moja. Weka unga kwenye beseni, weka alama ya pale ulipofika. Tia maji huku ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena hadi kwenye alama. Uanike juu ya mkeka, tabaka jembamba lisilozidi unene wa kidole, saa mbili juani au saa tano kivulini. Halafu pika bukari siku hiyohiyo. Njia hii imejaribiwa katika vijiji vya Kwango na imefanya kazi. Kama umenunua unga usioujua ulikotoka, fanya hivi kila siku.

Mchele nao una hesabu yake, kwa sababu hapa sisi ni wakulima wa mpunga kabla ya kuwa wanunuzi wake. Uliletwa Maniema na waungwana, wafanyabiashara waliotoka pwani ya mashariki, katika karne ya 19, wakati Kasongo ilipokuwa makao ya mfanyabiashara Tippu Tip, na haujaondoka tena. Wengi wetu tunauuza mpunga Januari bei ikiwa chini kabisa, tunanunua mchele Oktoba bei ikiwa juu. Gunia la kilo 100 za mpunga hutoa mchele kilo 60 hadi 65 kwenye mashine nzuri. Mashine yenye mawe yaliyochoka hutoa pungufu, na nyingi ni chenga. Uliza kabla ya kukoboa: unalipa kwa fedha au kwa kopo la mchele? Na pumba ni ya nani? Mwenye mashine anayetoza kidogo na kubaki na pumba zote anaweza kuwa ghali kuliko anayetoza zaidi na kukurudishia pumba za kuku na bata wako.

Ukiweza kuzuia gunia moja tu la mpunga kutoka Januari hadi Agosti, likiwa kavu na limefungwa vizuri, umeshapata fedha ya shule. Sijaona akiba inayomfaa mkulima wa Kasongo kuliko hiyo. Ukilikata gunia hilo mapema, utalilipia mara mbili.

Na hapo ndipo tunafika kwenye mkopo.

Utaratibu unajulikana: unapewa gunia moja Oktoba, unarudisha mawili wakati wa mavuno. Anayekupa anazungumza kwa upole, hata karatasi hakuandikishi. Ukipiga hesabu, umelipa asilimia 100 kwa miezi mitatu. Kuna la pili, la kuuza shamba likiwa bado kijani: mnunuzi anatazama mpunga uliosimama, anataja bei, unapokea noti leo ukanunue yunifomu, na Januari unamsaidia kuvuna kilichokuwa chako. Afadhali mtoto aende shule na shati la nyumbani mwezi mzima kuliko kuuza shamba likiwa kijani.

Kikundi cha kuweka na kukopa, tunachokiita Avec au mutuelle, ni bora kwa mbali. Mfumo huu ulianza na wanawake wa Niger mwaka 1991 na sasa umeenea vijijini kwetu. Tuseme kikundi chenu kinatoza asilimia 10 kwa mwezi, ambayo si ndogo: miezi mitatu ni asilimia 30, na riba inarudi kwenu wenyewe siku ya mgawo. Likelemba ya kupokezana haina riba kabisa, ila zamu yako ikiangukia Machi haikusaidii Septemba. Kwa hiyo mnapopanga, gombanieni tarehe. Mgawo wa mwisho wa Agosti una thamani kuliko mgawo mkubwa wa Desemba.

Fedha ikitoka kwa mtoto wa kiume aliye Kindu au machimboni, inakuja kwa simu, na hapo napo kuna makato. Anayetuma hulipa, anayetoa hulipa, na wakala asiye na noti za kutosha atakukata zaidi au kukuambia urudi kesho. Mwambie anayetuma aongeze ya kutolea, na utume ujumbe kwa wakala kabla ya kutembea kilomita kumi. Ukiletewa dola, kagua noti chini ya mwanga: yenye tundu, mkunjo uliochanika au maandishi ya kalamu itakataliwa sokoni au itakatwa thamani. Usiipokee kwa huruma.

Sasa shule.

Katiba ya Kongo ya 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni ya bure. Utekelezaji ulingoja hadi Septemba 2019, chini ya Rais Félix Tshisekedi. Wenzetu walitangulia: Uganda 1997, Kenya 2003, na Tanzania ilifuta ada ya msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000 kisha ikafuta hadi kidato cha nne mwaka 2016. Kote huko wazazi waligundua jambo lilelile tulilogundua sisi: ada hufutwa, matumizi hubaki.

Jambo la kwanza ambalo mzazi wa Kasongo anapaswa kulijua: shule za Kikatoliki, za Kiprotestanti, za Kikimbangu na za Kiislamu zenye mkataba na serikali ni shule za umma. Gratwite, yaani elimu ya bure, inazihusu. Usikubali kuambiwa kwamba hii ni ya padri au hii ni ya COMICO, jumuiya ya Waislamu, kwa hiyo ada iko palepale. Kama ina mkataba, darasa la kwanza hadi la sita halina ada.

La pili: gratwite inaishia darasa la sita. Darasa la saba na la nane, ingawa kwenye makaratasi yanahesabiwa pamoja na elimu ya msingi, wazazi wanalipia. Nimewaona wazazi wakisherehekea mtihani wa darasa la sita Julai, wakaishia kulia Septemba kwa sababu hakuna aliyewaambia. Mwenye mtoto wa darasa la tano leo aanze kuweka leo.

Kisha yale "mengineyo". Mwaka mmoja nililetewa na mwanangu vikaratasi vitano tofauti kabla ya Krismasi, kutoka shule ambayo sitaitaja: ya mfagio na chaki, ya ujenzi, ya karatasi za mtihani, ya buletini, na ya mwalimu. Kila kimoja kilikuwa kidogo. Nilipovijumlisha, vilipita bei ya shati na viatu. Sikupewa risiti hata moja, na sikuiomba. Hilo ndilo kosa lililonigharimu.

Kwa hiyo nenda kwa direkta siku ya kuandikisha, uulize maswali yote kwa pamoja. Michango ya mwaka mzima ni mingapi? Iliamuliwa kwenye mkutano gani wa wazazi? Ninaweza kulipa kwa mafungu? Ninaweza kulipa kwa matofali, nyasi za paa, au siku mbili za kazi? Shule nyingi za vijijini hupokea kazi vizuri kuliko noti. Usimpe mtoto fedha mkononi apeleke. Lipa mwenyewe, upewe risiti. Na usikubali mtoto afukuzwe katikati ya asubuhi kwa mchango usio na mkutano wala risiti. Nenda na wazazi wengine wawili, si peke yako.

Mchango wa mwalimu ni jambo jingine, na hapa sitakuambia ukatae tu. Katika shule zetu kuna walimu ambao bado hawamo kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Wanafundisha mwaka, miaka miwili, wakingoja namba. Kiswahili chetu kina maana mbili za neno bure: kisicholipiwa, na kisichofaa kitu. Darasa la bure kwa maana ya kwanza linaweza kugeuka la bure kwa maana ya pili kama mwalimu anashinda shambani kwake kwa sababu naye ana njaa. Sheria iko upande wako. Lakini ikiwa wazazi wamekaa kikao cha wazi, wakakubaliana kumpa mwalimu kopo la mpunga kila nyumba baada ya mavuno au kumlimia nusu siku, mimi ningelipa. Ni nafuu kuliko kuhamisha mtoto.

Kabla ya kuandikisha, uliza pia kama shule ina kibali na namba ya SECOPE, idara ya mishahara ya walimu ambayo siku hizi inaitwa DINACOPE. Shule isiyotambuliwa inaweza kuwa na madawati mazuri na direkta mwenye tai, ila darasa la sita likifika watoto wanahangaika kuandikishwa kwenye mtihani wa taifa, ule ambao wengi bado tunauita TENAFEP. Umelipa miaka sita, na cheti unakitafuta kwa nauli.

Shule ya kibinafsi mjini? Wengine wanaiona ni heshima. Darasa huwa na watoto wachache, na hiyo ni faida ya kweli, sina ubishi nayo. Lakini bei imeandikwa kwa dola na unalipa kwa faranga, kwa kiwango wanachokipanga wao. Uliza kiwango hicho, ulinganishe na cha sokoni. Kwa nyumba yenye watoto wanne, ushauri wangu ni huu: wanne katika shule ya umma iliyo karibu ni bora kuliko mmoja shule ya kibinafsi na watatu nyumbani.

Umbali ni gharama. Shule ya kilomita sita inakula viatu, inakula asubuhi, na inakula chakula, kwa sababu mtoto aliyetembea saa moja na nusu bila uji hasikii kitu ubaoni. Ukichagua kati ya shule nzuri ya mbali na ya kawaida ya karibu, kwa mtoto wa chini ya miaka kumi chukua ya karibu. Na mkiweza, wazazi wa darasa moja mtoe kikombe kimoja cha mahindi kila nyumba kwa wiki, mama wawili kwa zamu wapike uji wa saa nne. Tanzania wazazi hufanya hivyo katika shule nyingi kwa mahindi na maharagwe yao wenyewe. Kenya, tangu 2009, ina mpango wa serikali wa kununua chakula cha shule katika maeneo ya ukame kwa sababu waliona wazi kwamba sufuria inapokauka, darasa hutoka tupu.

Yunifomu: shati jeupe, chini bluu. Iliyoshonwa tayari dukani inavutia kwenye mfuko wake, lakini kitambaa mara nyingi ni chepesi na mshono ni mmoja. Vuta kwapa kidogo uone mwanga unaopita. Ya fundi inachukua siku zaidi, na bei anayokutajia huwa haijumlishi uzi, vifungo na zipu. Uliza jumla. Faida yake ni pindo: mwambie aache vidole vinne chini na viwili kiunoni, sketi hiyo itavaliwa miaka miwili. Mashati meupe ya mitumba ndiyo mazito na ndiyo yanayostahimili sabuni na mawe ya mtoni. Angalia kola na kwapa tu. Hukumu yangu: shati mitumba, sketi au suruali kwa fundi. Moja moja, si mbili mbili. Ioshwe Jumamosi.

Kwa viatu, vile vya plastiki vinashinda. Vya ngozi bandia vinafunguka mdomo mvua ya kwanza. Cha plastiki kikikatika, fundi wa njiani anapasha kisu moto na kukiunga kwa bei ndogo, mara tatu, mara nne.

Madaftari kumi kwenye karatasi ya shule ni ya mwaka mzima, si ya Septemba. Mtoto wa darasa la kwanza anaanza na mawili. Shika ukurasa dhidi ya jua: ukiona vidole vyako vizuri upande wa pili, wino utapenya na nusu ya daftari itapotea. Daftari la kurasa 100 huwa nafuu kwa ukurasa kuliko mawili ya kurasa chache. Kuna mtego mmoja: Novemba barabara zikiharibika, bei ya kila kinachotoka nje inapanda, Kabambare zaidi kuliko Kasongo. Kwa hiyo nunueni pakiti nzima Septemba, nyumba tatu kwa pamoja, mkagawane. Fungia yaliyobaki ndani ya plastiki juu ya dari ya jikoni, panya na unyevu hawayafikii kirahisi.

Kwa wazazi wa Salamabila na vijiji vya Kabambare vilivyo karibu na dhahabu, jambo lenu ni tofauti kidogo. Mgodi wa dhahabu wa Namoya, hapo Salamabila, ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016, ukasimama 2019 kwa sababu ya usalama, lakini uchimbaji wa mikono haujasimama. Bei za chakula huko zinafuata dhahabu, na mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kurudi nyumbani na noti za kununua unga wa siku. Ni vigumu kumwambia mama mwenye sufuria tupu akatae noti hizo. Ninachoomba ahesabu ni hiki: zile noti hazina uhakika wa kesho, na miezi mitatu nje ya darasa kwa kawaida humaliza mwaka wote.

Kama mwaka umeshapotea, au miaka mitatu imepotea kwa kukimbia vita, usimrudishe kijana wa miaka kumi na tatu darasa la pili akakae na watoto wadogo. Ataaibika na kuacha. Tafuta kituo cha kufidia masomo, kile kinachofundisha madarasa sita kwa miaka mitatu na kumfikisha kwenye mtihani uleule wa taifa. Uliza ofisi ya elimu ya eneo lenu kipi kinatambuliwa. Miaka mitatu ya madaftari ni nusu ya gharama ya sita.

Kuna ununuzi mmoja ambao hauko kwenye karatasi yoyote ya shule, na ningeuweka kabla ya yunifomu: dumu la pili la lita 20. Msichana ndiye anayeachishwa shule kwanza, na mara nyingi haachishwi kwa siku moja. Anachelewa, anachelewa, mpaka mwalimu anaacha kuita jina lake. Kinachomchelewesha ni maji. Dumu la pili likijazwa jioni na kaka yake, asubuhi ile safari ya kisimani haipo. Nunua lililotumika, ila linuse: lililobeba mafuta ya taa halitoki harufu hata kwa majivu na mchanga. Lijaze maji pale pale sokoni, lisimame juu ya karatasi kavu muda wa kujadiliana bei, kisha inua utazame.

Yule mama wa Kasongo alikaa pale karibu saa nzima. Alinunua makopo sita ya unga, akiligeuza kopo kila mara. Alichukua kikombe cha ndagala kutoka kwa muuzaji wa pili, karanga za mbegu kwa yule kijana, na makopo mawili ya karanga za kula. Kwenye meza ya madaftari walikutana na jirani yake, wakafungua pakiti moja, matano kwa matano. Kwa fundi alipima kiuno cha binti kwa kamba aliyoileta kutoka nyumbani, ina fundo mahali panapohusika, akalipa nusu. Sketi ataichukua Oktoba. Kisha akafunga noti mbili zilizobaki kwenye pindo la kitenge, akaikunja ile karatasi ya shule, na kushika njia kabla mvua haijafika.